Fundi Anayesikiliza Baiskeli kwa Meno

Asubuhi mbichi, mtaa bado unapiga miayo, na mwanamke wa miaka sitini na kitu amekaa kwenye kigoda nje ya kibanda cha mabati, ameuma mpini wa bisibisi. Gurudumu la baiskeli limelala mapajani. Ncha ya bisibisi ameikita kwenye ekseli, kidole kinazungusha meno ya gurudumu, macho kayafumba kama anayeonja mchuzi.

Mgeni akipita atadhani njaa imempanda kichwani. Wenyeji wanajua: Mama Spoki, fundi baiskeli, anasikiliza.

"Masikio yamestaafu bila kuniaga," anasema kwa sauti inayofika mtaa wa pili. "Meno bado yako kazini. Chuma kikitetema, yananiambia."

Ufundi aliupata kwa marehemu mumewe. Alianza kwa kumshikia spana, akaishia kumsahihisha. "Alipoondoka aliniachia spana na watoto watatu. Watoto walikua wakaanza kunijibu. Spana mpaka leo hazijanijibu."

Siku nzuri huhudumia baiskeli tano. Siku mbaya huhudumia salamu.

Na siku mbaya zimeongezeka tangu masikio yaanze kufifia. Fundi asiyesikia, watu walinong'ona, ni sawa na mpishi asiye na ulimi. Hakukuwa na haja ya kunong'ona. Wangeweza kupiga kelele tu. Mmoja mmoja wakahamia kwingine.

Binti yake, mshona nguo wa kibanda cha pili, amekuwa akimsihi afunge.

"Uje ukae kwangu upumzike, mama."

"Nikae nihesabu mijusi?"

Mwishowe walikubaliana. Amebaki mteja mmoja mkubwa, muuza maziwa, ambaye wenzake wote humfuata anakokwenda. Siku huyo naye akiondoka hajaridhika, Mama Spoki atafunga kibanda bila ubishi.

Leo muuza maziwa amefika anakokota baiskeli, uso umekunjamana. Pedeli zinazunguka bure, gurudumu haliendi.

"Friwili niliiosha mwenyewe," anasema, akionyesha lile duara la meno linaloshika mnyororo nyuma. "Ikang'aa kama sahani ya harusi. Halafu nikaishindilia grisi."

"Grisi? Ya nini, baba?"

"Chuma kinafanya kazi nzito, nikakipa chakula kizito."

Mama Spoki anacheka mpaka kigoda kinalia. Ndani ya friwili, anamweleza, mna kucha mbili ndogo za chuma. Ukikanyaga pedeli, zinainuka na kushika. Ukiacha, zinalala na kuteleza, ndiyo ile tik-tik-tik. "Wewe umezifunika blanketi. Baridi ya asubuhi ikaja, grisi ikaganda, zikalala fofofo. Ningekuwa mimi nami nisingeamka."

Anafungua gurudumu la nyuma, anaiosha friwili upya kwa mafuta ya taa, anaikung'uta, anaiacha ichuruzike juu ya kitambaa mpaka ikauke. Kisha anachukua oili nyepesi, ya cherehani, aliyomwibia bintiye mchana kweupe. Anaidondosha tone kwa tone kwenye ufa mwembamba, pale sehemu inayozunguka inapopakana na ile iliyotulia, huku akizungusha polepole. Oili inapita ndani na kutokea upande wa pili, nyeusi kwanza, kisha ya kahawia.

"Inalia! Tik-tik hiyo," muuza maziwa anasema akiwa nyuma yake. "Nipe niende, maziwa yataganda."

Mama Spoki amempa mgongo. Hajasikia. Binti, aliyesimama mlangoni na futikamba shingoni, anauma mdomo.

Fundi anauma bisibisi. Anazungusha. Anatikisa kichwa.

"Kucha moja inagonga. Ya pili inajikokota."

"Lakini mama, mimi naisikia vizuri!" Muuza maziwa amezunguka mbele yake.

Safari hii amemwona midomo. "Unasikia kelele, mwanangu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ukiwa na madumu mlimani, hiyo moja itakusaliti."

"Nimechelewa! Wenzangu wameshapita!"

"Basi wasalimie ukiwakuta."

Gurudumu halitoki mapajani. Anaongeza oili, anazungusha, anagonga kidogo kwa mpini. Kipande cha grisi iliyokauka, si kikubwa kuliko punje ya mchele, kinatoka na oili. Anauma tena bisibisi, na polepole tabasamu linatokea pembeni mwa mpini. Anafuta mafuta ya nje ili yasiite vumbi.

Muuza maziwa anafunga gurudumu, anapakia madumu, anaondoka bila kuaga. Mlima unaanzia hapo hapo mwisho wa barabara. Mama na binti wanamtazama akisimama juu ya pedeli, madumu yakiyumba. Pedeli hazitelezi. Karibu na kilele anatoa mkono mmoja na kuupunga bila kugeuka.

"Anaringa huyo," anasema Mama Spoki. "Kesho atawaleta wenzake."

Kufunga hakutajwi tena. Ana mpango mwingine: kukigeuza kibanda, mlango utazame barabara, yeye akae mgongo ukutani, kila mteja amjie usoni amsome midomo.

"Wananiongelesha mgongo, na mgongo haukwenda shule. Mabati mtanisaidia kubeba wewe na mumeo. Lini?"

Binti, aliyekwisha kurudi kwenye cherehani, anasema kitu akiwa ameinama.

"Njoo uniambie huku mbele," mama anamwita.

Binti anaacha kitambaa, anazunguka, anachuchumaa mbele yake.

"Jumamosi, mama."