Simu ya Bure ya Mzee Trevor

"Kampuni ya simu ikinila hata peni moja, nipigeni picha mkaibandike chooni!"

Hayo aliyasema Anti Glenys Threlfall, mpishi wa shule ya msingi hapa Burnley, Uingereza, mbele ya klabu nzima, kwa kipaza sauti alichompokonya msoma namba za bahati nasibu. Mumewe Trevor akajibu bila kuinua macho kwenye bia yake, "Choo chenyewe watu watakihama."

Oktoba binti yao Lindsey akajifungua huko Australia. Trevor, dereva wa basi mstaafu, alikuwa na simu ya kiswaswadu iliyomwonyesha picha ya mjukuu kama kipande cha mkaa. Mzee akakosa raha. Jumamosi akanyemelea duka la simu, na mkewe akamfuma kidole tayari kusaini mkataba.

"Ni ya bure, mke wangu! Leo hulipi kitu."

"Leo. Na kesho?"

Muuzaji, kijana mpole aitwaye Imran, akaeleza: pauni thelathini na nane kwa mwezi, miaka miwili, simu na bando humo humo.

"Hiyo simu ina kalkuleta, mwanangu?"

"Inayo, mama."

"Tuijaribu basi, isije ikawa mbovu. Thelathini na nane mara miezi ishirini na nne."

Kioo kikaandika 912. Foleni nyuma yao ikajifanya inakagua makava ya simu.

"Na taslimu?"

"Mia tatu sabini na tisa."

"Weka na laini yenye bando, nane kwa mwezi, miaka hiyo hiyo miwili. Bonyeza, haing'ati."

571. Imran akakitazama kioo, halafu, Mungu ambariki, akapiga na hesabu ya mkataba wake mwenyewe. "Astaghfirullah," akanong'ona. Mama mmoja akaruka foleni, jambo ambalo kwetu ni sawa na kuvua nguo kanisani. "Nipigie na yangu, mpenzi."

"Haya, bingwa," Trevor akamwambia mkewe. "Hizo mia tatu sabini na tisa ziko wapi?"

Hapo ndipo penye kidonda. Kwamba taslimu ni nafuu tunajua wengi. Taslimu yenyewe ndiyo hatuna. Wakarudi nyumbani mikono mitupu, na mzee akanywa chai bila biskuti, ishara ya msiba.

Jumatatu Anti akaenda kwa wapishi wenzake akachukua mchango wake wote wa Krismasi, aliokuwa akiuweka kila wiki tangu Januari. Mwanamke huyu kila mwaka hulisha ukoo mzima bata mzinga, na mimi jirani nisiye na ukoo naye. Hakunung'unika, wala hakumsimanga mumewe, na kwa ulimi ule, huo ni muujiza.

Krismasi tukakuta chipsi na mayai. Simu imeegemezwa kwenye chupa ya sosi, mtoto anapiga chafya upande wa pili wa dunia, Trevor anamwimbia mpaka mtoto akalia.

"Unamtisha kabla hajajua kukimbia!" Anti akapiga kelele kutoka jikoni.

"Niache, simu yangu hii, haina deni!"

Anti akacheka, akapasua mayai mengine sita kikaangoni. Trei ya mayai kumi na mawili ni pauni mbili na peni themanini, taslimu.