Misufi ya Mjerumani na Mfereji wa Shangazi

Nilitoka Tanga kwa sababu shangazi yangu, Mwanaidi, alinipigia simu akilia. Jirani yake Hoza alikuwa amekata misufi yote ya mpakani, na sasa anadai mfereji wa maji ni wake. "Njoo useme ulichokiona ulipokuwa mdogo," alinisihi. Shangazi anaishi kwa kabichi, na kabichi haziishi bila mfereji ule.

Korogwe nilifika mgongo unauma. Bodaboda ikanipandisha kuelekea Bungu, kona baada ya kona, vumbi hadi kinywani. Umri wa safari hizi umenipita.

Mpakani sikukuta hata kisiki. Hoza alikuwa ameving'oa, akapanda maharage juu yake.

"Ile misufi tate zetu, wazee wetu wa zamani, walilazimishwa kuipanda," shangazi alisema.

Wajerumani waliitaka sufi kwa kuwa hainywi maji upesi. Waliishindilia kwenye jaketi za kuwafanya mabaharia wao waelee meli ikizama. Wazee wetu, ambao bahari waliisikia tu, wakapanda mstari ulionyooka. Wajerumani wenye shamba walipoondoka, mstari ukageuka mpaka. Hapo ndipo tulipokosea. Kwetu mpaka ni masale, mimea ya majani marefu ipandwayo kuwa alama, na Mshambaa hathubutu kung'oa sale. Lakini nani angejisumbua kupanda masale pembeni ya miti mikubwa kiasi kile?

Mchana alikuja mwenyekiti wa kitongoji.

"Masale yako wapi, mama?"

"Hayakuwepo. Kulikuwa na misufi."

"Msufi ni mti tu. Aliyeukata hajavunja mwiko."

Nilieleza niliyoyakumbuka, kwamba mfereji ulikuwa upande wa shangazi wa misufi. Hoza naye alikuwa na mashahidi wake, tena wengi. Mwenyekiti akakigawa katikati kipande cha mpakani kilichogombaniwa, tukapanda masale kwenye mstari mpya, na mfereji ukaangukia kwa Hoza. Niliumia sana.

Jioni nililala mapema bila kula. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, wahenga walisema, nasi tulijisitiri kwa miti ya mgeni miaka yote ile. Hilo ndilo nililojifunza, na nimechelewa kujifunza.

Asubuhi ya kuondoka nilimsindikiza shangazi, ndoo mkononi, hadi mferejini. Hoza alikuwa akimwagilia. Akasimama, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Shangazi aliitua ndoo ukingoni mwa mfereji.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Naomba maji."