Sahani ya Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa koti jeupe, ufagio na panya. Nilikuwa nimetoka Mchinga na cheti changu cha shule, nikidhani nitakaa mezani kupiga chapa. Mama Daktari, mkuu wa maabara ile ndogo ya Lindi, alinicheka. “Binti, walimu wako ndio hawa,” alisema.

Nchi ilikuwa changa, vijiji vya ujamaa ndiyo kwanza vinaanza, naye alitaka kujua saratani ya titi inasafirije hadi mapafuni. Tulipandikiza uvimbe kwa panya majike, yaani tulihamisha chembe zake kutoka kwa panya mgonjwa kwenda kwa mzima. Wengine tuliwapasua mapema kuuondoa uvimbe, wengine tukachelewa, wengine hatukuwagusa. Mwisho tulichunguza mapafu yao. Mimi niliwalisha, nikabadilisha maranda ya vizimbani na kuhakikisha makundi hayachanganyiki. Mtaani waliniita Bibi Panya, na wala sikujali.

Kisha shangazi yangu, aliyenilea, akaota uvimbe titini. Kupasuliwa alikataa katakata. Kwetu iliaminika kwamba uvimbe ukiguswa na kisu hukasirika, ukatapakaa mwilini. Nililia mbele ya Mama Daktari, nikitegemea atafoka.

“Hajakosea kuogopa,” alisema. “Hilo ndilo swali letu hapa. Mlete.”

Shangazi alikuja amejitanda kanga mbili. Mama Daktari aliinama. “Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Lakini kisu sikitaki.”

Aliwekewa sahani tatu. Mapafu ya panya asiyepasuliwa yalijaa vipele vyeupe kama punje za mchele. Ya aliyepasuliwa mapema yalikuwa safi. Ya tatu, ya aliyecheleweshwa, nayo yalikuwa na vipele. Ningekuwa mimi, ningeificha sahani ile. Yeye aliisogeza mbele.

“Huyu kisu hakikumwokoa, tulichelewa. Na panya si mtu, shangazi. Siwezi kukuapia.”

Shangazi aliinamia sahani ile ya tatu. “Waganga wote wameniapia,” alisema. “Haya, nipasue.”

Sasa nimestaafu. Nimefanya kazi chini ya wakuu wengi, wengine wenye vyeo vya kutisha, na bado ninayempenda ni yule. Shangazi alipona. Aliishi hadi akamfunda binti yangu unyagoni, na humo ndani, mahali daktari haingii, aliwafundisha wasichana kujipapasa matiti na kusema mapema.