Uzio Wangu wa Mianzi

Nilifika Maparoni kutoka Mtawanya na jembe begani, sikuwa mvuvi. Ilikuwa miezi ya joto, maji yamepata moto, samaki wamekimbilia kilindini, na wavuvi wenyewe wanarudi na nyavu tupu. Nikasema mimi nitavua kwa uzio, wa kuwazuia samaki maji yakitoka. Bwana misitu wa Mwingereza alininyima kibali cha kukata mikoko, basi nikarudi kubeba mianzi kwetu.

Mzee aliyenipa pa kulala, mvuvi mkubwa wa pale, alinicheka mbele za watu.

"We mkulima, unawazungushia samaki ua kama mpunga? Bamvua hili la maji makubwa likipita hujapata kitu, urudi kwenu ukalime."

"Sawa, mzee. Nikipata, nakaa, na usinicheke tena."

Wao walitega kwenye mlango mpana wa mto. Mimi nimekulia kwenye majaruba ya mpunga, najua mafuriko yakipungua samaki hutoroka kwa kupitia pale maji yanapokauka mwisho. Nikatafuta kijito cha namna hiyo kwenye tope la mikoko, nikasimamisha uzio wenye mlango, na maji ya bamvua yalipojaa nikaufunga. Yalipotoka, samaki, mwatiko na chaa, walirukaruka miguuni pangu, kapu halikutosha.

Mzee akaja, akatazama, akakohoa.

"Mwanangu, haya umejifunza wapi?"

"Shambani, mzee."

Nilikaa. Jembe nililitundika juu ya mlango wangu, na kila aliyekuja kuomba nimwoneshe kijito aliingia akiliinamia.