Lita Mbili za Saa Nne

Muriithi, fundi wa Nyeri mjini, aliwaambia wateja wote maneno yale yale: "Chombo hii hailali, haiendi matanga, na hainywi chai." Wateja walicheka, wakaweka sahihi. Yeye hakuwa anatania. Alikuwa ametengeneza redio kule Sagana kwa miaka kumi. Siku hizi alifunga visanduku vyenye antena kwenye matangi ya maji na vibanda vya nyanya, popote ambapo mwenye mali hakutaka kupanda mlima kila siku kuuliza hali. Kisanduku kinapima, kinatuma hewani bila waya, na mkubwa anasoma kwenye simu yake mjini. Mke wake, Lynn, alilalamika kwamba hata akimuuliza kama ameshiba, anajibiwa kwa asilimia.

Mwezi wa tatu, ushirika mmoja wa maziwa ulimwita afunge kisanduku kwenye tangi la kupoza maziwa, juu kabisa upande wa Mweiga, karibu na msitu. Mlinzi wa tangi alikuwa Mama Wakiuru, mjane mwenye gumboti za kijani, aliyekuwa pale miaka kumi na mmoja. Siku ile ya kazi alimpa Muriithi chai vikombe vitatu. Fundi akafunga kisanduku, akashukuru, akashuka.

Baada ya mwezi mmoja alipeleka ripoti kwa meneja, Ngendo, na alijivunia ile ripoti sana. Wakulima huleta maziwa hadi saa tatu asubuhi, na lori huja kuyachukua saa sita. Katikati hapo maziwa hayana pa kwenda. Lakini kila siku saa nne, tangi lilipungua lita mbili. Alhamisi, lita tano.

"Huyo ni Wakiuru," Ngendo alisema. "Ni yeye peke yake ako na ufunguo."

Haya, hapo ndipo fundi wetu angeuliza swali moja tu. Hakuuliza. Alijibu kwamba chombo hakidanganyi, akaenda zake kula chapati.

Kikao cha kumfukuza Wakiuru kiliitishwa Alhamisi, siku ya kawaida ya wakurugenzi kukutana, pale pale kituoni, na Muriithi akaambiwa aje na simu yake kutoa ushahidi. Wakurugenzi saba waliketi kwenye mabenchi. Wakiuru alisimama mlangoni, mikono ndani ya aproni. Kitindamimba wake alikuwa kidato cha nne, na watu wote saba walilijua hilo.

"Umesikia yenye unashtakiwa?" aliuliza mwenyekiti, mzee Kingori.

"Nimesikia, mwenyekiti. Mimi sijawahi kuuza hata kikombe."

"Sawa. Tutaamua." Mzee alitazama saa yake. Ilikuwa saa nne. "Lakini kwanza chai. Hatuwezi kuongea mambo mazito na tumbo tupu."

Wakiuru alichukua jagi na sufuria kubwa, akatoka. Punde simu ya Muriithi ikalia ndani ya koti. Akaisoma ikiwa mapajani. Lita tano zimetoka.

Jamani! Masikio yalimwaka. Alikumbuka vile vikombe vyake vitatu, na jinsi alivyosifu maziwa kuwa mazito. Alimwonea huruma yule mama, na yeye mwenyewe akajionea aibu, aibu ya kweli. Angeweza kuizima simu na kunyamaza. Aliiweka juu ya benchi, akangoja.

Chai ikaja. Ikamiminwa. Wakurugenzi wakapuliza, wakanywa, wakasema leo imeiva.

"Sasa, fundi," Kingori alisema, "chombo yako inasema nini?"

"Inasema maziwa imetoka tena, mzee. Lita tano. Sasa hivi, tukiwa hapa."

Kukawa na kishindo. "Ati sasa hivi?" Ngugi, mweka hazina, aliruka, akakimbia nje na kikombe mkononi. Alizunguka tangi mara mbili, akachungulia nyuma ya choo. Akarudi akihema, akanywa funda moja.

"Hakuna mtu," alisema.

"Mzee Ngugi," Muriithi alisema polepole, "hiyo umeshika ni nini?"

Ngugi alitazama kikombe. Mwenyekiti alitazama chake. Ngendo alikiweka chake chini taratibu, akakisogeza kidogo kuelekea kwa jirani.

"Mimi nilikunywa vikombe vitatu siku ya kufunga chombo," Muriithi aliendelea. "Niliandika ripoti na sikuuliza. Nisamehe, Mama."

Miaka kumi na mmoja ya chai ya saa nne, ya ofisi kila siku na ya wakurugenzi kila Alhamisi, na hapakuwa na mkurugenzi hata mmoja aliyewahi kuuliza chai ile inatoka ng'ombe gani.

Wakiuru alipita kati ya mabenchi akiwa na birika, akasimama mbele ya mwenyekiti.

"Niongeze?" aliuliza.