TV Iliyotaka Kusalimiwa Kwanza

Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo mwenyewe, sebuleni kwetu hapa Igowole, na Fredi wa darasa letu yupo mzima, nenda kamuulize. Mbele za watu atakataa, lakini wewe mwangalie macho.

Mimi ni mtu wa aibu. Naandika kwa sababu kuongea kunanishinda. Tangu nianze sekondari sikuwahi kualika mtu nyumbani. Sasa baba alipoleta TV bapa, ile ambayo unaona mpaka jasho la mchezaji, kiherehere kikanishika nikasema darasani, "Jumamosi njooni kwetu, nitaunganisha kompyuta kwenye TV tuone mechi ya watani."

Fredi akacheka. "Wewe? Hata mwalimu akiita jina lako huitiki. Haya, tutakuja. Ikigoma, Jumatatu shule nzima itajua."

Unaona nilivyojiweka pabaya?

Siku yenyewe wazazi wangu walikuwa msibani Rujewa, nikabaki na bibi. Bibi ni Mhehe hasa, Kiswahili anakijua cha sokoni na cha kanisani. Nikamwambia, "Bibi, jioni wenzangu wanakuja kutazama soka."

"Masoka?" akashtuka. "Siku hizi mnayatazama?"

"Ndiyo bibi, kwenye TV. Unaona kabisa!"

Baadaye nikamwona anamwaga ulanzi kidogo, ile pombe yetu ya mianzi, nje ya mlango huku ananong'ona, kisha akaongeza kiti kimoja sebuleni, na kikombe cha ulanzi pembeni yake. Nikajua ni ukarimu tu.

Wenzangu watatu walifika mvua inanyesha, ukungu umeshuka mpaka dirishani, miguu imejaa matope mekundu. Bibi akaenda zake jikoni. Nikachomeka waya wa HDMI, upande mmoja kwenye kompyuta, mwingine nyuma ya TV, nikabonyeza rimoti. TV ikaandika: No Signal. Nikachomoa, nikapuliza, nikarudisha. No Signal. Nikazima kila kitu, nikawasha upya. Wapi! Mechi imeshaanza, mtangazaji tunamsikia kwenye kompyuta, lakini kioo chake kimepasuka katikati, mpira huuoni. Na TV ni giza tupu.

"Oya, Jumatatu mbali," Fredi akasema. "Naandika kwenye grupu sasa hivi."

Machozi yakanilenga. Nikageuka ukutani wasinione, na hapo ndipo nikaona kile kiti cha bibi kina mtu.

Mzee, mrefu, koti zito la zamani. Mlango tulikuwa tumeufunga kwa komeo. Mvua yote ile, koti lake kavu! Na niamini, sakafu nzima ilikuwa matope yetu, ila miguuni kwake hapakuwa na hata tone.

"Umeisalimia?" akaniuliza taratibu.

Fredi ndiye aliyejibu, "Mzee, hiyo siyo mtu, ni TV."

"Na wewe je, ni mtu?" mzee akasema. "Umeingia nyumba ya watu, mwenye nyumba yupo jikoni, hujamsalimia. Sasa unataka kuonyeshwa vitu?"

Fredi akainamisha kichwa, maana ilikuwa kweli.

Nikaikabili TV. Kusalimia watu kwenyewe kunanitoa jasho, seuze TV! Nikajikaza: "Kamwene." Ndiyo salamu ya kwetu.

Spika zikakoroma. Kisha sauti nzito, siyo ya mtangazaji, ikaitikia, "Kamwene." Na picha ikafunguka, uwanja wa kijani mpaka pembeni.

Ungekimbia? Sisi hatukukimbia. Mechi ilikuwa tamu mno. Mzee alitazama kwa makini, akauliza swali moja tu: "Huyu mwenye filimbi kaoa upande upi?" Goli lilipoingia tuliruka wote tukikumbatiana. Tulipokaa, kiti kilikuwa kitupu, cha baridi kama jiwe la mtoni. Komeo liko vilevile.

Bibi akaingia, akakichukua kile kikombe, bado kimejaa, akaonja. "Maji matupu," akasema kwa furaha. "Amekunywa. Si ulitaka masoka? Nimekuitia baba yangu."

Kumbe kwa Kihehe masoka ni roho za wazee waliotangulia!

"Bibi, soka ni mpira!"

"Mpira si ungesema mpira?"

Jumatatu nilikwenda shule nikisubiri kuchekwa. Fredi alikuwa amesimulia goli tu. Mengine kayameza, na tangu siku ile akija kwetu anapitia jikoni kwanza.

TV yetu nayo haikubali kompyuta mpaka isalimiwe. Fundi kabadilisha waya, hakuna kitu. Baba alinicheka sana, lakini juzi nilimchungulia: kahangaika na rimoti mpaka kachoka, akaangalia huku na huku, akanong'ona, "Kamwene." Picha hiyo!

Mimi sasa nasalimia kila mtu, mpaka wapita njia. Lakini jana nilikuwa na haraka, nikachomeka waya kimyakimya, na kabla sijagusa rimoti, spika zikasema zenyewe, "Kamwene." Nikaitikia upesi. Nawe ndugu, ukisalimiwa kwanza na kitu ulichopaswa kukisalimia wewe, itikia hapohapo. Usingoje kiombe kiti.