Masizi Niliyoyakwangua

Yule bwana wa jiko kafariki, inna lillahi. Kafa Jumatano baada ya alasiri, uani kwake hapa Kilwa Masoko, amekaa kwenye kibao mbele ya moto wa makumbi ya nazi, kipepeo mkononi. Nyie mnaonisoma mnanijua, nikivua changu nawaambia papa, na nikimvua papa nawaambia meli. Lakini habari ya leo sina haja ya kuitia chumvi, chumvi yake imetoka machoni. Marehemu hakuwa ndugu yangu. Tulijuana barazani kwenye kahawa, yeye mtu wa maneno mawili kwa siku, mimi nayamalizia elfu tisa yaliyobaki. Kazi yangu ya mikono ni kuziba nyufa na kupaka chokaa, na ndiyo iliyonipeleka nyumbani kwake. Natamani siku ile ningevunjika mguu njiani.

Mkewe, shemeji yangu, alikuwa ameingiwa na ule ugonjwa wa kusahau. Kwanza alisahau ufunguo, akasahau na watoto, mwisho akamsahau mume. Kila asubuhi yule bwana akitoka chumbani mkewe anainama, anamwambia, "Shikamoo baba." Naye anaitikia marahaba, anageukia ukutani. Aliposimulia barazani wenzetu wakamcheka: "Bwana wewe umepata heshima! Sisi wake zetu hata salamu ya asubuhi hatuioni." Akacheka nao. Halafu akasema taratibu, "Nyie mnachambwa kwa majina yenu. Mimi jina langu sijalisikia mdomoni mwake tangu Mfungo Mosi." Kahawa ya watu wote ilipoa palepale.

Na jioni shemeji alikuwa anajifunga kanga mbili, anatoka barabarani. Ukimwuliza wapi, anasema naenda kwetu, mama ananingoja nikune nazi. Siku moja alimsimamisha kijana wa bodaboda akamwambia nyoosha tu, wakanyoosha mpaka Mitole. Sasa jamani, kwao ndiyo hapohapo! Nyumba ile kajenga baba yake kabla ya Uhuru, yeye kazaliwa humo, kaolewa humo. Mumewe akimwambia, "Kwenu si ndiyo hapa?" yeye anamtazama kama anavyotazamwa mwizi. "Hapa si kwetu. Kwetu kuna jiko."

Jiko lilikuwepo, ila lilikuwa limekufa. Lilikuwa jiko la uani la zamani, kuta za mawe na udongo, meko matatu yamejengewa, rafu ya saruji ya sahani za bati zenye maua, na kabati la wavu la kuzuia paka. Walipoletewa mtungi wa gesi jiko likageuzwa stoo ya mifuko ya simiti na baiskeli mbovu. Bwana yule akaamua atalirudisha vilevile lilivyokuwa mkewe akiwa mwali. Akaniambia, "Nataka aingie apajue. Akipajua yeye, na mimi atanijua. Sitaki kufa naamkiwa shikamoo na mke wangu." Basi akaingia kazini kama ana miaka ishirini. Meko kayafinyanga upya kwa mikono yake. Sahani kazitafuta nyumba kwa nyumba mpaka watu wakadhani kaingia biashara ya vyuma chakavu. Kabati lenyewe akasikia liko Miteja, liliuzwa zamani, na mwenye nalo kaligeuza banda la kuku.

Akalifuata. Yule mama wa Miteja akamkatalia: "Ukichukua hilo, tetea wangu akaatamie kichwani kwako?" Bwana yule, na umri wake ule, kavua kanzu akakaa siku mbili anamjengea banda la kuku jipya, zuri kuliko nyumba yangu mimi. Ndipo akapewa kabati, na kinyesi chake.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Kabla hajaondoka kwenda Miteja alinipa kazi moja: kuna ufa pembeni ya dirisha, uzibe. Ufa wenyewe wa kidole. Nikauziba kabla chai haijapoa. Nikatazama ukuta, mweusi tii, masizi ya miaka sitini, yananing'inia kwenye boriti kama ndevu. Nikajisemea, rafiki yangu anahangaika, mimi namwachiaje jiko chafu namna hii? Nikachukua kipande cha panga nikakwangua. Nilikwangua siku nzima, nikawa mweusi mpaka mke wangu akanifungia mlango. Siku ya pili nikapaka chokaa mikono mitatu. Likang'aa! Nadhani rubani angeliona kutoka juu. Sikuchukua hata kipande cha muhogo kwa kazi ile, nilitaka iwe zawadi.

Bwana alirudi na kabati lake kwenye mkokoteni. Akasimama mlangoni, akazitazama kuta. Akaenda kumleta mkewe, kamshika mkono kama bibi harusi. Shemeji akaingiza kichwa, akatazama ule weupe, akarudi nyuma. "Hapa zahanati? Mimi siumwi." Akajifunga kanga, huyo, barabarani.

Bora bwana yule angenitukana. Aliniambia tu, "Umepaka vizuri." Nikamwambia basi tununue rangi nyeusi, kesho asubuhi namaliza. Akatikisa kichwa. "Rangi hainuki moshi. Mama mkwe wangu alilipaka hili jiko kwa kupika." Tangu siku hiyo akawa anakaa humo, mlango kaurudishia, anachoma makumbi, anapepea moshi uende ukutani. Moshi ule ungekausha pweza wa wilaya nzima. Anakohoa, anatoka, anatazama ukuta, anarudi. Ukuta ukawa kama chai ya maziwa, zaidi ya hapo ukagoma. Nikamsihi, "Utajiua kwa ajili ya masizi." Akanijibu, "Mkwe wangu alichukua miaka arobaini. Mimi sina. Acha niharakishe." Daktari kasema ni moyo. Mimi sijui kusoma vyeti vya daktari, ila nalijua panga nililokwangulia, liko chini ya kitanda changu, silali vizuri.

Sasa matanga. Manyunyu yalikuwa yanadondoka, kina mama wakaona wapikie mlemle jikoni. Kuni za mkorosho mbichi, masufuria makubwa, meko yote matatu yanawaka asubuhi mpaka jioni, siku tatu. Shemeji walimkalisha chumbani, hajui kafiwa na nani, anawapa pole wanaokuja kumpa pole. Siku ya hitima nimebeba mzigo wa kuni, nafika mlangoni pa jiko, naye huyo anapita ubavuni kwangu, kaufuata moshi. "Bibi, rudi ndani," wakamwambia. Akavuta mbuzi, akaikalia, akachukua kizio cha nazi akaanza kukuna, mkono mwepesi kama wa mwali. Akainua macho: "Nani kawasha moto huu? Zisukume kuni ndani, mama atagomba." Kisha akakunja uso. "Na ukoko msiugawe. Wa mume wangu huo." Akamtaja jina. Lile alilozoea kumwita, la utani la chumbani, sitaliandika hapa. "Kaenda wapi huyu? Mwiteni ale."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Mmoja wa kina mama akamwambia: "Kaenda msikitini, bibi." Akasema, "Haya, tutamngoja." Akaweka ukoko kwenye sahani ya bati, akaufungia kwenye kabati la wavu. Nami nimesimama na kuni begani, nimeshindwa hata kuzitua.

Mpaka leo anaweka, kila siku. Barabarani haendi tena, kafika kwao. Jana kaniona akaniuliza, "We fundi, hujamwona?" Mimi, mwongo mashuhuri wa pwani hii, uongo ulinikauka kinywani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Niliuziba, lakini sikujua wapi pa kukomea. Sasa mtu akiniita kazini, kabla sijachovya brashi namwuliza kwanza, masizi haya ya nani? Akisema ya mama, nafunika ndoo yangu, naondoka.